Boksi Lililofungwa Mara Tatu

Sogeeni, na wenye hasira za haraka wakae nyuma. Hadithi hii haikuletwa kumlaza mtu. Kila nilipoisimulia watu wameondoka wakibishana, na mara moja mume na mke walirudi nyumbani kwa njia mbili. Kama mnaipenda amani yenu, zibeni masikio sasa hivi, maana nikishaanza sisimami.

Muheza, nyuma ya soko la machungwa, palikuwa na banda la mafundi watatu waliofunga muziki kwenye magari. Watatu hao Mungu aliwagawia vipaji, na alivyowagawia ndivyo alivyowatia kiburi.

Wa kwanza ni Semkiwa, seremala. Kipaji chake kilikuwa sikio. Aliligonga boksi la spika kwa kidole, akainamisha kichwa, akakwambia pembe ipi inavuja hewa. Na boksi likivuja hewa, sabufa haipigi, inakoroma tu. Maboksi ya Semkiwa yalitoa mdundo ulioutambua kwa tumbo kabla ya masikio, na mwenyewe alilijua hilo kupita kiasi.

Wa pili ni Hoza, fundi wa kuchomelea. Kipaji chake kilikuwa mkono. Chuma kilichowashinda wenzake kukikunja, yeye alikikunja huku akisimulia habari za mpira. Alichokishika Hoza kilishikika. Moto wa kuchomelea ulikuwa umeanza kumla macho, kwa hiyo siku hizi alikipapasa chuma kama mtu anayechagua embe gizani, lakini kazi yake ilikuwa ileile.

Wa tatu ni Mwantumu, fundi wa viti na makapeti, na yeye ndiye tutakayemfuata. Kipaji chake kilikuwa jicho. Akikitazama kiti cha gari alijua nani hukikalia, mnene au mwembamba, anaegemea wapi, ana haraka au ana usingizi. Akiutazama mshono alijua utaanza kukatika upande gani. Alikuwa mwanamke wa makamo, mkavu wa maneno, anayeishi peke yake.

Mchana walikula sahani moja. Mwantumu alisonga ugali, Hoza alileta dagaa, Semkiwa alileta ndimu na maneno. Ungewaona ungesema hao ni ndugu wa tumbo moja.

Undugu huo uliharibiwa na mwalimu mmoja wa sekondari. Si kwa kosa lake, maskini. Walimfungia boksi la sabufa ndani ya buti, na kabla ya kulifunga Mwantumu alilitazama akasema, "Hili litateleza. Limeegemea upande mmoja."

Semkiwa akacheka. "Dada, wewe shona kapeti."

Hoza naye akacheka, si kwa sababu alikuwa na jibu, bali kwa sababu mwenzake amecheka. Mwantumu akashona kapeti. Mwalimu akaondoka, akafunga breki mbele ya ng'ombe kule Mkanyageni, boksi likateleza likapasua amplifaya. Aliporudi na vipande vyake, Semkiwa alisema vyuma vya Hoza vililegea, Hoza akasema mbao za Semkiwa zilikuwa mbichi, kisha wakatazamana, wakamgeukia Mwantumu kwa sauti moja: kapeti lake ndilo lililokuwa linateleza.

Mwantumu aliokota sindano yake akarudi kwenye viti, lakini neno hilo hakulisahau. Tangu siku hiyo kila mmoja akawa anakagua kazi ya mwenzake kwa siri. Semkiwa alitikisa vyuma vya Hoza. Hoza alipapasa viungo vya Semkiwa. Mwantumu alivitazama vyote viwili. Mchana bado walikula sahani moja, wakicheka, na kila mmoja akimwona mwenzake hafai.

Ndipo alipokuja Mbaruku.

Mbaruku alikuwa mchuuzi wa machungwa, kijana mchangamfu, mwenye gari dogo jeupe na sabufa kubwa kuliko gari lenyewe. Boksi lilikuwa limekaa butini hivihivi, halikufungwa kwa kitu chochote, kwa sababu msimu wa machungwa alikuwa akilitoa ili apakie magunia.

"Lina uzito wake hilo," alisema. "Haliendi popote. Ni mke wangu tu ndiye aliyenishikilia nilifunge. Anasema kila nikikata kona analisikia linatembea mgongoni mwake."

"Kwani anakaa nyuma?" Hoza aliuliza.

"Siku hizi anakaa nyuma. Ana mimba kubwa, mkanda wa mbele unambana. Lifungeni, ila nikitaka kulitoa nilitoe."

Mwantumu alikuwa nje wakati huo akitafuta uzi, hayo hakuyasikia. Kumbukeni hilo, maana mtaniuliza.

Sasa sikilizeni kila mmoja alifanya nini.

Semkiwa alianza. Alipigilia mbao nne kwenye sakafu ya buti, zikafanya fremu, akaliteremsha boksi ndani ya fremu likaingia kama mguu ndani ya kiatu chake. Kisha akafungua sabufa, akatia mkono ndani ya boksi, akakaza skrubu ndefu kutoka ndani kwenda chini, ili zisionekane na mwizi asizifikie, ila mwenyewe azifungue akitaka. Akarudisha sabufa, akagonga, akasikiliza, akatabasamu. "Kwisha kazi," alisema. Ilikuwa Ijumaa, adhana ikalia, akanawa mikono akaenda kuswali.

Hoza alibaki. Alipapasa sakafu ya buti, akaliona bati lilivyo jembamba. Skrubu kwenye bati kama lile ni mchezo wa watoto, alijiambia. Akakata vyuma vya pembe, akavikunja vizuri vikalibana boksi, akatoboa sakafu kwa drili, akapitisha bolti nene na kukaza nati kwa chini, na kila nati akaiwekea kipande cha bati ili isipenye. Lakini alivifunga upande wa kulia tu. Kushoto, chini ya sakafu, lilipita bomba la mafuta, na kwa macho yale hakuthubutu kutia drili. Akajipa moyo kwamba upande mmoja unatosha, akafunika vyuma vyake na matambara. Semkiwa aliporudi kutoka msikitini, Hoza hakumwambia kitu. Alitaka siku moja boksi lije lifunguliwe, watu waone nani alilishika.

Mwantumu alikuja mwisho, kutandaza kapeti. Alifunua matambara akaona vyuma. Akaona mbao. Akaona kwamba kulia kumekazwa na kushoto hakuna kitu ila skrubu. Gari likipata kishindo, boksi litang'oa skrubu, litazunguka kwenye vyuma vya Hoza kama mlango kwenye bawaba, na pembe yake ya kushoto itaingia ndani ya gari. Aliliona hilo waziwazi kama alivyoliona la mwalimu.

Alifungua mdomo kusema. Kisha akakumbuka: dada, wewe shona kapeti. Akaufunga.

Alichukua mikanda ya usalama ya basi lililokufa, akaishona ikawa mkanda mmoja mpana wa matabaka mawili. Akainua kiti cha nyuma, akaufunga kwenye bolti za kiwandani zinazoshika kiti, upande wa kushoto, akaupitisha mbele ya boksi, akaurudisha, akaukaza. Halafu akatandaza kapeti juu, safi, bila kibyongo.

Na nia yake niwaambie, kwa sababu sipendi kuficha. Alipokuwa akishona alikuwa anatabasamu peke yake. Alikuwa anaiona siku boksi litakapong'oa skrubu za yule na kukunja vyuma vya huyu, likakutwa limening'inia kwenye mkanda wa mwanamke waliyemcheka. Alitaka waumbuke. Alishona kwa chuki, mshono juu ya mshono, na chuki ilimfanya ashone vizuri.

Lakini kulikuwa na jambo la pili. Alipoinua kiti cha nyuma aliona sponji imebonyea, upande wa kushoto, kwa namna anayoijua. Hapo hukaa mtu mzito wa kiunoni, anayeegemea nyuma na kuachanisha magoti kidogo. Mwantumu akasimama na sindano mkononi. Alijua ni nani hukaa hivyo. Na yeye aliwahi kukaa hivyo. Akakata kipande kingine cha mkanda, akaongeza tabaka la tatu.

Basi chuki na hilo la pili vilikaa pamoja kwenye mshono mmoja, na mimi sijui kipi kilikuwa kingi. Nadhani hata mwenyewe hajui.

Haikupita muda, Mbaruku na mkewe, Zaina, walikwenda Amani kuwasalimia wakwe. Wakati wa kuteremka, kwenye kona moja ya mlimani, lori la magogo lilikuwa limeharibika katikati ya njia. Mbaruku aliliona akiwa amekwisha kulifikia. Mbele ya gari ikajikunja. Mbaruku akavunjika mguu na mbavu. Zaina alirushwa mbele akajigonga bega, akarudi kitini, akakaa pale akisubiri mgongoni mwake kile kitu alichokuwa akikiogopa kila kona. Hakikuja.

Watu walipomtoa, kabla hajalia, kabla hajamuulizia mumewe, alizunguka nyuma ya gari akiwa ameshika tumbo lake. Buti lilikuwa limefunguka. Aliliona boksi limekaa. Akaweka mkono juu ya tumbo na mwingine juu ya boksi, akasema mbele ya watu wote: "Naapa kwa Mungu, aliyelifunga boksi hili ndiye atakayempa mwanangu jina. Si baba yake, si mimi. Yeye."

Kiapo chenyewe ndicho hicho. Watu walikisikia, dereva wa lori alikisikia, na kabla gari halijavutwa Muheza habari ilikuwa imefika sokoni.

Mafundi wakaitwa kwenye uwanja wa polisi. Mkaguzi wa magari, mzee mmoja mpole, alikuwa amekwisha kulivua kapeti. Akawaonyesha.

"Hizi skrubu zimeng'oka zote, lakini zimepokea kishindo cha kwanza. Bila hizo boksi lingeanza na kasi yake kamili. Hivi vyuma vimekunjika, lakini vimeshika kulia; kushoto fundi aliogopa bomba la mafuta lililopita chini. Na huu mkanda umekatika matabaka mawili, umebaki na moja, ndilo lililoshika kushoto. Kimoja kingekosekana, lingepita kwenye kiti. Nani kati yenu alilifunga?"

Semkiwa alichuchumaa akakigusa chuma.

"Huu mkono si wangu," alisema.

"Ni wangu," alisema Hoza.

"Uliutia lini?"

"Ijumaa, ulipokwenda kuswali."

"Ukatoboa kazi yangu mimi nikiwa nimesujudu?"

"Ningekungoja urudi, ungekataa. Wewe kazi ya mwenzako huioni."

"Na wewe unaona nini, Hoza? Hata bomba la mafuta hukuliona, ulilikisia!"

Hoza aliguswa pale panapouma. Akageuka, akainama hadi pua ikakaribia mkanda, akaupapasa. "Na huu?"

"Wangu," alisema Mwantumu.

"Nani alikutuma?"

"Aliyekutuma wewe."

"Uliviona vyuma vyangu ukajua havitoshi, ukanyamaza?"

"Nilijifunza kunyamaza kwenu, kaka zangu. Niliambiwa nishone kapeti. Nimeshona."

Mkaguzi aliwatazama mmoja mmoja, akatikisa kichwa akaenda zake. Watu watatu wameokoa roho mbili, na hapo uwanjani hakuna hata mmoja aliyemwambia mwenzake ahsante. Kila mmoja alisikia jambo moja tu: kwamba aliyekuwa akila naye sahani moja hakumwamini. Na kila mmoja alikuwa na haki ya kukasirika, na hakuna aliyekuwa na uso wa kukasirikia.

Kesho yake mchana kila mmoja alikuja na chakula chake.

Mtasema, jina tu, jina ni kitu gani hata watu watoane macho? Ngojeni.

Semkiwa alikuwa na marehemu baba aliyesingiziwa uchawi. Kijiji kizima kilimtenga, akafa akiwa peke yake, na hakuna mjukuu aliyepewa jina lake. Semkiwa mwenyewe alizaa wana wa kiume, na kila alipozaa aliogopa maneno ya watu, akawapa majina mengine. Aibu hiyo ilimla kila siku. Sasa alitaka jina la baba yake libebwe na mtoto safi, mbele ya mji wote, kwa kiapo ambacho hakuna wa kukipinga.

Hoza hakuwa na mke wala mtoto, na macho yalikuwa yanakwisha. Kwetu mtoto mliyeitana jina ni wako kwa namna fulani. Anakuita somo, anatumwa kwako na chakula, sikukuu anakuja kukupa mkono, na ukizeeka huwezi kumkosa mlangoni. Hoza alitaka mtoto aitwe Hoza, ili siku giza likishaingia kabisa awepo mtu mmoja duniani mwenye sababu ya kumshika mkono.

Na Mwantumu? Mwantumu aliwahi kuzaa. Mtoto wa kiume, mwenye nywele nyingi. Jina alikuwa nalo tayari, alilichagua mwenyewe, na kama ilivyo desturi hakumtajia mtu akingoja siku ya saba. Mtoto akafa siku ya sita. Walipokuwa wanamsitiri, Mwantumu alitaka alitaje, mama mkwe akamshika mkono. "Usilizike jina zuri, mwanangu. Liweke kwa mwenzake atakayekuja." Akaliweka. Mwenzake hakuja. Mume akaoa kwingine, mama mkwe akafa, na Mwantumu akabaki na jina ambalo halijawahi kutoka kinywani mwake, kwa sababu hakuwa na wa kumwita kwalo. Kila alipomsikia mwanamke akimwita mwanawe barabarani, alikaza uzi mpaka unakatika.

Basi hicho ndicho walichokuwa wakikigombania, na msiseme tena ni jina tu.

Zaina akajifungua salama. Mtoto wa kiume. Kwa kuwa mzazi hatoki ndani kabla ya siku ya saba, aliwaita mafundi wamfuate chumbani, kila mmoja peke yake, na kila mmoja alimuuliza swali moja: kwa nini ulilifunga?

Semkiwa alijibu, "Mumeo aliniomba, nikafanya. Nilifanya mchana kweupe, na sikumficha mtu. Hao wengine walikuja nyuma yangu wakinyatia."

Hoza alijibu, "Mimi ndiye niliyemuuliza mumeo nani hukaa nyuma. Niliposikia ni wewe na hali uliyonayo, sikuweza kukuacha kwenye skrubu za Semkiwa." Na hilo lilikuwa kweli, ingawa hakutaja jinsi alivyokuwa akitamani Semkiwa aumbuke, wala kwa nini upande mmoja aliuacha wazi.

Mwantumu akaja mwisho. Zaina alikuwa amekaa kitandani, amejifunga kanga kifuani, mtoto pembeni.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo? Na huyu mkubwa hajambo?"

"Hatujambo. Mchukue."

Mwantumu hakutaka kumchukua, akamchukua. Mtoto alikuwa na nywele nyingi. Alimtazama mpaka Zaina akawa na wasiwasi kwamba hajasikia swali, akaliuliza tena.

"Kwa nini ulilifunga, shangazi?"

Hapo Mwantumu angeweza kusema lile la pili. Angesema: niliona sponji yako, nikakujua, nikaongeza tabaka, na ndilo tabaka hilo lililobaki. Lilikuwa kweli tupu. Lakini aliona likitoka kinywani mwake litakuwa la kuomba. Litakuwa ni kumdai mtoto wa mwenzake kwa kifo cha wake. Roho yake ilikataa.

"Nilitaka wale wawili waumbuke," alisema. "Walinicheka. Nilijua boksi litang'oka, nikafunga ili likutwe kwenye mkanda wangu. Wala sikumwambia mumeo kwamba kuna hatari. Ningemwambia, wangerekebisha kwa dakika chache."

Zaina akanyoosha mikono kumpokea mwanawe. Hakungoja apewe taratibu kama watu wanavyopokezana mtoto, alimvuta.

"Kwa hiyo mimi na mwanangu tulikuwa chambo chako?"

"Sikusema hivyo."

"Umesema nini basi?"

Mwantumu alisimama, akajitanda ushungi wake. Machozi yalikuwa yamefika, akayarudisha. "Nimesema kweli, mwanangu. Uliniuliza." Akatoka. Njiani alijilaumu, kisha akajisifu, kisha akajilaumu tena, na alipofika nyumbani alikaa uani akavua viatu, akalia kilio cha kweli, kwa mara ya kwanza tangu alipomzika mtoto asiye na jina.

Jamaa walijaribu kumsaidia Zaina. Mama yake alisema apige kura. Zaina akakataa, mwanawe si kuku wa mnada. Mjomba akasema apewe majina matatu kwa pamoja. Mbaruku, mguu wake ukiwa ndani ya plasta, akauliza ni lipi litakalotangulia, wakarudi palepale. Shangazi wa Mbaruku akasema kiapo cha mtu aliyetoka ajalini hakina nguvu, baba ampe mwanawe jina, mambo yaishe. Zaina akamwambia, "Nilimwapia Mungu, na Mungu hakutoka ajalini."

Ikafika siku ya saba. Mbuzi amechinjwa, sheikh amekaa, mtoto amenyolewa, nywele zake zile nyingi ziko kwenye sahani. Mafundi wamekuja wote watatu, wamekaa mikekani pande tatu, kila mmoja amempa mwenzake mgongo. Semkiwa anasogeza midomo, tayari analitaja la baba yake kimoyomoyo. Hoza amekaza macho yake mekundu kule anakodhani mtoto yuko, na amekosea, mtoto yuko upande mwingine. Mwantumu amekaa karibu na mlango, kama mtu atakayetoka wa kwanza. Alikwisha kujiambia hatapewa. Hata hivyo amekuja, na jina amekuja nalo.

Sheikh anasema, "Haya, mama. Ni nani anayempa jina?"

Zaina anainua macho.

Na mimi nawakabidhi hapa hapa, kwa sababu mimi limenishinda. Msinitazame. Nikimpa Semkiwa, aliyefanya kazi yake wazi bila hila, nampa mtu aliyesema "kwisha kazi" na kazi haijaisha, na mtoto wa watu atabeba jina linaloogopwa. Nikimpa Hoza, ambaye ndiye peke yake aliyeuliza nani hukaa nyuma, nampa mtu aliyejua hivyo na bado akauacha upande wa kushoto wazi, upande aliokaa mama huyo. Nikimpa Mwantumu, ambaye uzi wake ndio ulioshika mwisho, nampa mtu aliyeiona hatari kwa macho mawili akanyamaza kwa kisasi. Na nikimnyima, namnyima kwa sababu alisema kweli, maana wenzake nao walikuwa na chuki hiyohiyo, ila wao waliijua njia ya kuificha. Na lile la pili Zaina halijui. Mnalijua ninyi tu, na hamwezi kumwambia.

Wala msiniambie wote watatu. Kichwa ni kimoja, sikio la kulia ni moja, na adhana itakayotiwa humo itafuatwa na jina moja.

Basi wewe uliyekaa mbele, na wewe unayenong'ona, na wewe uliyekwisha kukunja uso: ungekuwa Zaina, ungemgeukia nani? Semeni upesi. Mtoto ameanza kulia, na mama yake hana hata jina la kumbembelezea.